Chachu Kutoka Chini ya Barafu

Kipimajoto kililia kwapani mwa Shekue, na Atupakisye alipokitoa akasoma nyuzi thelathini na mbili. Akakifuta kwa pindo la kanga aliyojifunga juu ya suruali ya sufu, akakirudisha palepale, akangoja tena. Thelathini na mbili.

"Kibovu hicho, Mama," alisema Shekue. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la misumari, kifua wazi, anatafuna biskuti. "Mimi mzima. Tena leo nimeamka na nguvu za ajabu. Nimekwenda kusimamisha bendera za uwanja wa ndege, zote ishirini, nimerudi, na hata glavu sikuvaa."

"Hukuvaa glavu?"

"Nilizisahau."

Nje palikuwa na nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Katika baridi ile, ukishika chuma kwa mkono mtupu, ngozi inabaki kwenye chuma. Atupakisye akaikamata mikono ya kijana, akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua mahindi. Haikuwa na lengelenge wala doa jeupe. Kwenye kiganja cha kushoto tu palikuwa na alama ya jeraha la wiki mbili nyuma, alipojikata kwa mfuniko wa pipa namba tatu. Lilikuwa limepona vizuri, vizuri kupita kiasi. Liling'aa kama njia aliyopita konokono.

"Vaa shati, baba," akasema. "Unanitia hofu."

"Lakini sisikii baridi."

"Ndiyo hofu yenyewe."

Shekue akacheka, makombo ya biskuti yakamwanguka kifuani. "Mama Sanga bwana! Leo tunakwenda nyumbani, we unatafuta ugonjwa. Saa nane ndege inatua. Jumapili mimi niko Lushoto nimembeba mwanangu ambaye sijawahi kumwona ila kwenye picha. Hata nikiwa na nyuzi kumi nitapanda."

Atupakisye hakucheka. Aliweka vidole viwili shingoni mwa kijana, akahesabu mapigo kwa saa ya ukutani. Yalikuwa yanakuja polepole, moja, halafu kimya, halafu jingine, kama mtu mwenye mzigo anapanda mlima na kupumzika kila hatua.

* * *

Kituo, huko kusini kabisa kwenye bara la barafu, kilikuwa vyumba vitano vya mabati mazito vilivyofungwa kwa nyaya ili upepo usivichukue, ukingoni mwa ziwa lenye kifuniko cha barafu cha urefu wa watu wawili na nusu. Meli ilikuwa imeondoka na wenzao wiki ya kwanza ya Januari. Walibaki watatu kumalizia msimu. Shekue alikuwa fundi mitambo. Ndiye aliyetoboa barafu na kuvuta maji. Atupakisye, au Mama Sanga kama walivyomwita, mama wa Makete wa miaka hamsini na saba, alitunza mapipa ambamo bakteria wa ziwa lile walikuzwa ili watoe ute wao. Na Dakta Rwehumbiza alikuwa mkuu wao, mtu mpole aliyepiga pasi mashati yake hata huku mwisho wa dunia. Ndege ya leo ilikuwa ya mwisho. Ikishaondoka, mpaka Oktoba hakuna kitakachotua.

Atupakisye alimkuta Dakta ameinama mbele ya kabati la joto. Aliposikia mlango, alifunika kitu kwa karatasi.

"Mama Sanga! Umeshafunga mizigo?"

"Shekue ana nyuzi thelathini na mbili."

"Labda kipimajoto..."

"Nimepima mara tatu. Mtu wa nyuzi thelathini na mbili anatetemeka, anaropoka, anaanguka. Yule anakula biskuti na kunitania. Dakta, umefunika nini?"

 Atupakisye akasogea, akaiinua karatasi mwenyewe.

Zilikuwa sahani za kioo, zile za kukagua ute. Kila ute ulipotoka kwenye pipa, tone moja liliwekwa kwenye sahani yenye rojorojo ya chakula, na sahani ikalazwa siku mbili ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu. Sahani ikibaki safi, mabokisi ya ute yanasafiri. Na siku zote ilibaki safi. Bakteria wa ziwa lile walikuwa viumbe vya baridi. Wameishi gizani chini ya barafu tangu kabla watu hawajajua kulima, na ute wanaoutoa ndio unaowazuia wasigande. Wataalamu waligundua kwamba kijiko kimoja cha ute ule kikitiwa kwenye mfuko wa damu, damu hukaa miezi miwili bila friji. Zahanati za huko milimani, ambako umeme ni wa kubahatisha, mama anayejifungua akimwagika damu, mfuko uko kabatini unamngoja. Na hata kama bakteria mmoja angeponyoka kwenye chujio, si neno. Damu ya mtu kwake ilikuwa kama maji yanayochemka.

Sahani zile hazikuwa safi. Zilikuwa na utando mweupe unaong'aa, mzito kama malai ya maziwa. Juu yake Dakta alikuwa amepanga viduara sita vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa aina yake ya dawa ya kuua bakteria. Dawa inayoua huacha uwanja mtupu pembeni ya karatasi. Hapakuwa na uwanja wowote. Ute ulikuwa umepanda juu ya viduara vyote sita na kuvimeza.

"Tangu lini?" aliuliza Atupakisye.

"Juzi asubuhi. Nikadhani ni uchafu wa mikono yangu. Nikarudia."

"Ukanyamaza."

"Nikarudia, Mama. Nikarudia mara mbili." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Haiwezekani. Hawa wakifika nyuzi kumi na tano wanakufa. Hawajui kuishi kwenye joto. Labda mtu awafundishe taratibu, siku hadi siku, na nani angefanya hivyo?"

 Atupakisye akatafuta kigoda, akakikosa, akakaa juu ya boksi.

"Dakta," akasema, "mimi mapipa siyaunguzi."

"Huyaunguzi vipi?"

Kwao Makete, mpika togwa hamalizi chungu. Anabakiza kikombe kimoja cha togwa ya jana, anakitia kwenye uji wa leo, ndiyo chachu. Chungu kinavikwa blanketi na kusogezwa karibu na meko, kwa sababu milima ile ina baridi ya kugandisha umande, na togwa ikipigwa na baridi haiumuki. Alifanya hivyo tangu akiwa msichana, kwenye ubatizo, kwenye harusi, kwenye misiba, na hakuna aliyewahi kuilalamikia togwa yake. Kanuni za kituo zilisema vingine: mwaga yote, unguza pipa kwa mvuke, anza na maji mapya ya ziwa. Walipokuwa watu kumi na wanne, kanuni ilikuwa nyepesi. Walipobaki watatu, maji mapya yalikuwa na maana ya Shekue kuinama kwa saa sita nzima kwenye tundu la barafu, na jioni kujiburuta hadi kitandani akishika kiuno. Akamwonea huruma. Akabakiza ndoo moja ya ute wa zamani, akauongezea maji ya theluji na chakula cha bakteria, na ute ukapanda. Akalisogeza pipa hatua moja kuelekea bomba la jiko. Ukapanda haraka zaidi, mzito kuliko ule wa kwanza. Akasogeza tena.

"Mara ngapi?" aliuliza Dakta.

"Ishirini na sita."

Dakta hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha zaidi Atupakisye. Alisema taratibu, kama anajisomea mwenyewe: "Kila uliposogeza, walioshindwa na joto walikufa. Wachache waliovumilia ndio uliowatia kwenye ndoo. Kesho yake wakawa ndio pipa zima. Ukasogeza tena." Akazifunika tena sahani. "Nami nilikuwa nakusifu. Nilikuandikia barua ya kukusifu."

"Nisamehe."

"Mama, huwa nakuona unaonja."

 Ni kweli. Ncha ya upawa, ncha ya ulimi, kila asubuhi. Hakumeza, alikuwa anatema. Ute ukiwa tayari huwa na ladha ya chumvi kidogo, na hakuna mashine iliyomwambia hilo mapema kuliko ulimi wake.

Dakta alijipima kwanza. Thelathini na sita nukta nane. Akakifuta kipimajoto kwa spiriti mara tatu, akampa kwa ncha za vidole.

Kilipolia, Atupakisye alikitazama kwa muda mrefu. Thelathini na nne nukta saba. Ndipo alipokumbuka kwamba tangu Jumatatu hajavaa sweta. Alidhani ni jiko.

* * *

Saa saba walikuwa kwenye chumba cha redio, wawili tu. Kupitia dirishani walimwona Shekue uwanjani, begi lake begani, anatembea kutoka bendera hadi bendera kukung'uta theluji. Kofia hakuvaa.

"Nisikilize," alisema Dakta. "Mabokisi yanabaki. Hilo halina mjadala, nitayachoma mwenyewe. Lakini watu si mabokisi. Ndege inatua, tunapanda, tunafika hospitali kubwa yenye vyumba vya kutenga wagonjwa. Hapa nina panadol na bendeji. Shekue anashuka karibu nusu nyuzi kila siku. Akifika ishirini na nane moyo unasimama. Oktoba haioni."

"Na rubani?"

"Tutavaa barakoa."

"Saa tisa nzima ndani ya ndege moja, tunavuta hewa moja. Dakta, huyu mdudu anapitia wapi? Kwenye kidonda tu? Kwenye mate? Kwenye pumzi?"

"Sijui."

"Ukijua niambie, nami nitakuwa wa kwanza kupanda."

"Unadhani nasema hivi kwa ajili yangu?" Sauti yake ilipasuka. "Ndiyo, na kwa ajili yangu pia! Mimi sina huo ugonjwa. Nimefuata kanuni zote za kituo hiki. Unanifungia humu miezi saba kwa sababu ya ndoo ya togwa!"

 Alichokiona Atupakisye akilini ni Makete mwezi wa sita, ndoo za maji zimeganda vibarazani, watoto wanaelekea shule huku wakitoa moshi midomoni. Kikombe kimoja cha plastiki kinazunguka kanisani baada ya ubatizo, mkono hadi mkono, mdomo hadi mdomo, na kila anayekunywa anasema asante Mama Sanga, karibu tena nyumbani. Mdudu yule angepapenda kule. Angepata baridi yake ya asili nje, na joto jipya alilofundishwa ndani ya watu. Halafu watoto wangeanza kuvua masweta.

Na alitaka kwenda. Mungu anajua alivyotaka. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba anaogopa kufa, na hasa kufa hapa, ambako ardhi haichimbiki.

Redio ikakoroma.

"Haloo watu wa barafu!" Ilikuwa sauti ya Kapteni Nanjala, rubani, Mkenya mwenye sauti ya kuchangamsha hata asubuhi mbaya. "Nipeni hali ya upepo, niko dakika arobaini. Mama Sanga, nimekubebea vitunguu, nyanya, na ile majani ya chai ulilia nayo. Mmejipanga ama bado mnapakia mabegi?"

Atupakisye alinyoosha mkono kushika maiki. Dakta akamwahi, akamkamata kifundo cha mkono.

Walibaki hivyo. Kisha Atupakisye akaona uso wa Dakta unabadilika. Macho yake yalishuka polepole hadi pale vidole vyake vilipoizunguka ngozi ya mama yule, ngozi iliyopoa kama ya mtu aliyetoka kufua mtoni. Akamwachia ghafla, kama aliyeshika kaa la moto. Akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, mkono ameuinua mbali na mwili wake, hajui auweke wapi.

Hapo hakuna aliyehitaji kusema tena kuhusu ndege.

"Kapteni," alisema Atupakisye kwenye maiki, na sauti yake ilikuwa inatetemeka ingawa mwili haukutetemeka. "Usitue."

"Upepo mbaya?"

"Upepo mzuri. Kuna ugonjwa. Umetoka kwenye mapipa, hauna dawa, na mimi ninao. Mabokisi yaliyokwenda na meli Januari ni salama, hayo yalianzia maji mapya. Ya sasa hayatoki hapa, wala sisi hatutoki. Waambie wakubwa hivyohivyo, usipunguze neno."

 Mngurumo wa injini ulisikika ndani ya redio.

"Mama, niko na mafuta ya kuzunguka mara mbili tu. Ukisema nigeuke, mimi ndio huyo, sirudi. Uko na uhakika?"

Alimtazama Dakta. Dakta alikuwa ameteleza hadi sakafuni, anajifuta mkono kwenye suruali, anajifuta, anajifuta. Hakukataa.

"Geuka, mwanangu," alisema Atupakisye.

* * *

Ndege ilikuja chini hata hivyo. Ilipita juu ya bendera ishirini, chini kiasi kwamba theluji iliruka, na mlango wa nyuma ukafunguka. Magunia matatu yakaanguka, moja likapasuka, vitunguu vikatawanyika juu ya weupe ule. Shekue alikuwa anapunga mikono yote miwili. Aliendelea kupunga ilipoinua pua. Aliendelea hata ilipokuwa kama nzi angani, kisha mikono ikashuka, mmoja mmoja.

Atupakisye alimfuata uwanjani. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, na alipofika yote yakamtoka.

"Imekwenda wapi?" aliuliza Shekue.

"Nimeirudisha mimi."

Akamweleza yote. Pipa, ndoo, bomba la jiko, jeraha lake, ulimi wake mwenyewe. Hakujitetea wala hakulia, maana machozi yangekuwa ni kumwomba kijana ambembeleze. Shekue alisikiliza akiwa ameinamia vitunguu, anaviokota kimoja kimoja kwa mikono mitupu na kuvitia kwenye begi lake la safari, juu ya nguo alizomnunulia mtoto.

"Ulifanya kwa sababu ya mgongo wangu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Ungeniambia kabla ya kumwambia rubani."

"Ningekuambia, ungenizuia."

Shekue alifikiri. Hata kufikiri kwake siku hizi kulikuwa polepole. "Ningekuzuia," alikubali. "Ningekufunga kamba, Mama." Kisha akakaa palepale kwenye theluji, akauficha uso magotini, na mabega yake yakaanza kucheza. Atupakisye alimwekea mkono mgongoni. Hapakuwa na joto la kumpa, lakini aliuacha hapo.

Waliporudi, godoro la Dakta halikuwepo. Alikuwa amelihamishia kwenye kibanda cha kutobolea barafu, mita mia tatu ziwani, pamoja na jiko dogo, sanduku la makopo na mojawapo ya redio za mkononi. Aliacha karatasi mlangoni, imeandikwa kwa kalamu iliyokandamizwa hadi ikapasua: kila saa kamili wampigie.

Atupakisye aliwasha majiko yote. Aliyachemsha mapipa, moja baada ya jingine, akaumwaga ute ukiwa unatokota, huku mlango ameufunga ili Shekue asimwone anavyotetemeka midomo. Alichemsha upawa. Aliuchemsha tena. Dizeli ilikuwa ya kutosha miezi saba kama wangelala chumba kimoja. Moyo wa Shekue haukuwa na uhakika wa wiki mbili. Wa kwake hakutaka kuupigia hesabu.

Saa kumi na mbili jua lilikuwa limelalia ukingo wa barafu, jekundu, halina joto. Shekue alikaa karibu na jiko akaunyanyua mkono bila kuambiwa.

"Pima," akasema.

Kipimajoto kikalia. Atupakisye akabonyeza redio ya mkononi.

"Shekue, thelathini na moja nukta saba."

Redio ilikwaruza. Walidhani hatajibu. Upepo ulisikika ukipiga bati la kile kibanda, halafu sauti ya karatasi ikifunuliwa, na Dakta akasema, bado kwa hasira, lakini akasema:

"Nimeandika. Na wewe?"

Atupakisye akakifuta kipimajoto, akakiweka kwapani, akangoja kilie.